Jina la Mkristu na Bendera ya Chama

Kila nchi yetu inapokaribia uchaguzi, lile swali la kale hurudi katika nyumba zetu: je, Mkristu aweza kuingia katika siasa kwa moyo wote, asiupoteze Ukristu wake njiani? Wengine hujibu upesi kwamba siasa ni tope, na mwenye kanzu nyeupe akae mbali nayo. Wengine nao husema, tena kwa sauti kubwa, kwamba dini isiyo na chama cha kuishikia upanga italiwa na maadui zake. Majibu hayo mawili hayatutoshi. Katika somo la juma hili twawaalika wasomaji wetu waitazame nchi ya Tabora na ile njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hata Ujiji, kwa maana mambo hayo yalijaribiwa huko zamani, na matunda yake yajulikana.

Lakini kwanza tupeleke macho mbali kidogo, Marekani, ambako swali hilo linawatesa Wakristu wengi hata leo. Huko wako Waprotestanti waitwao Waevanjelisti, yaani watu wa Injili. Jina hilo lilitaja imani: kuipenda Biblia, kuongoka, kumtangaza Kristu. Mwaka 1976 mmoja wa watu wa imani hiyo, Jimmy Carter, alichaguliwa kuwa Rais. Miaka mitatu baadaye mchungaji Jerry Falwell alianzisha umoja ulioitwa Moral Majority ili kuwakusanya Wakristu katika siasa, na mwaka 1980 wengi wao wakamwacha Carter yule yule, wakamfuata Ronald Reagan. Ilipofika mwaka 2016, wapiga kura walipoulizwa siku ya uchaguzi, Waevanjelisti weupe wapatao 8 katika kila 10 walisema wamemchagua Donald Trump. Sisi hatuhukumu kura ya mtu. Shida tunayoiona iko katika jina. Wamarekani wengi walisikiapo jina hilo sasa, hufikiri chama kabla ya kufikiri Injili. Ndiyo maana mwaka 2017 umoja mmoja wa wanafunzi Wakristu katika Chuo Kikuu cha Princeton uliamua kuliondoa neno hilo katika jina lake. Imani yao haikubadilika. Jina ndilo lililokuwa limekwisha kuchukuliwa na wengine.

Msomaji asicheke. Sisi Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki tulipita katika tope hilo kabla yao.

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo pamoja na wapagazi. Padre Pascal alifia njiani, katika nchi ya Ugogo. Waliosalia waligawanyika kule Tabora: wengine wakaelekea Ziwa Nyanza na Uganda, wengine wakashika njia ya Ujiji, wakafika mwezi wa Januari 1879. Tabora ya siku zile ilikuwa makao ya Waarabu na wafanya biashara wa pwani. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa pia. Dini ya njia ile ilikuwa Uislamu, na mapadre walikuwa wageni wasio na nguvu yo yote. Mwaka 1881 wawili kati yao, Deniaud na Augier, waliuawa Rumonge, katika Burundi ya leo.

Basi si ajabu kwamba mkubwa wao, Kardinali Lavigerie, alitamani ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika, wenye mtawala Mkristu na askari wake, ili biashara ya watumwa ikomeshwe na wabatizwa wapate kimbilio. Mwaka 1885 vituo vya Karema na Mpala, kandokando ya Ziwa Tanganyika, vilitoka mikononi mwa watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji vikapewa misioni. Mwaka 1887 akafika Mpala Kapteni Leopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu kule Roma, akawafundisha watu kushika bunduki na kupigana na wateka watumwa.

Joubert hakuwa mtu mbaya. Alimwoa binti wa Kiafrika, akaishi ng'ambo ile ya ziwa mpaka alipofariki mwaka 1927, na wako watu waliookoka minyororo kwa sababu yake. Hayo hatuyafichi. Hata hivyo tuutazame ufalme wenyewe. Misioni ikawa boma. Padre, aliyekuja kuhubiri, akajikuta ni mwamuzi wa kesi na mtawala wa mji. Na mkimbizi aliyeingia langoni alipata ulinzi na amri za misioni kwa pamoja, hata ikawa vigumu kupambanua nani ameamini na nani anaogopa tu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni: haukupita muda mrefu Wajerumani wakaitwaa pwani ya mashariki ya ziwa, na Dola ya Kongo pwani ya magharibi. Ufalme wa Kikristu haukupata kusimama.

Karema ile ile, hata hivyo, alifika mtu mwingine. Adrian Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, akatekwa angali mtoto, akauzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe katika Aljeria. Alisomea uganga kisiwani Malta, kisha akaishika njia hii hii ya misafara akiwa katekista na mganga. Alifanya kazi Karema kwa zaidi ya miaka 60, mpaka alipofariki mwaka 1956. Hakuwa na askari. Alifunga vidonda, alifundisha katekisimu, alizaa watoto, na mmoja wao akawa padre. Kati ya mambo mawili hayo yaliyoanza karibu wakati mmoja mahali pamoja, twaona wazi lipi lilipanda Kanisa katika nchi ile.

Wale wenzao waliogawanyika nao Tabora wakaenda Uganda walipatwa na jambo zito zaidi. Huko Wakatoliki waliitwa Wafransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, na majina hayo yakawa majina ya vikosi katika jumba la Kabaka. Mwezi wa Januari 1892 wabatizwa walipigana na wabatizwa huko Mengo. Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa silaha za kampuni ya Kiingereza, na Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu. Miaka zaidi ya 60 baadaye, chama cha Democratic Party kilipoanzishwa mwaka 1954, watu walikuwa tayari kukiita kwa mzaha Dini ya Papa. Mzaha huo ulitokana na damu.

Sasa turudi Tabora yenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika shule ya Serikali mjini hapo kuanzia mwaka 1937, akabatizwa mwaka 1943, na alipotoka Makerere alikuja kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, ya Mapadre Weupe, mpaka mwaka 1949. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu Pugu ili aitumikie TANU. Mwezi wa Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, katika saa ya hatari. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura, Mwafrika au mwingine, alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walitaka kuususia. Nyerere aliuchukia mpango huo kama wao, lakini aliwashawishi wauingie, wasije wakawaachia wapinzani viti. Zuberi Mtemvu alitoka kwa hasira, akaanzisha chama chake cha Waafrika peke yao. TANU nayo ikaunga mkono wagombea Wazungu na Waasia waliokubali shabaha yake, ikashinda.

Tuangalie jinsi alivyosema. Alikuwa Mkatoliki aliyeijua misa yake, na mbele yake walikaa Waislamu wengi, ambao chama kile kilijengwa kwa jasho lao. Hakuwaambia kwamba Kanisa limeagiza hivi. Alileta sababu ambazo Mwislamu, Mmoravian na asiye na dini waliweza kuzipima kwa akili. Kisha, mwezi wa Oktoba 1961, wabunge wa chama chake mwenyewe walipotaka uraia utolewe kwa kabila na rangi, aliwakatalia vikali, akasema Serikali yake i tayari kujiuzulu. Hapo ndipo twaiona imani ikifanya kazi: katika kuwakatalia watu wa upande wake. Na Kanisa pia hakuliogopa. Mwaka 1970, akizungumza na masista wa Maryknoll katika jimbo la New York, alilionya kwamba likikaa kimya mbele ya udhalimu unaowafanya watu maskini, litahesabiwa pamoja na wadhalimu.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulikuwa umekwisha kuwafundisha walei jambo hili: Wakristu wawili waaminifu waweza kuachana katika shauri la siasa, na hakuna ruhusa ya mmoja wao kujitwalia mamlaka ya Kanisa kwa ajili ya maoni yake. Mapadre nao, kwa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, wamekatazwa kushika vyeo vya utawala wa nchi.

Je, maaskofu wanyamaze? La hasha. Tarehe 18 Agosti 2023 maaskofu wetu walitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari baina ya Tanzania na Dubai. Hoja zao zilihusu mali ya taifa na sauti ya wananchi, na mtu wa dini yo yote aliweza kuzikubali au kuzijibu. Serikali nayo ilijibu kwa njia yake, na Oktoba mwaka ule ule mikataba ya utekelezaji ikatiwa sahihi. Kilichotuhuzunisha ni maneno ya barazani. Wako Wakatoliki waliolishika tamko lile kama fimbo ya kuwapigia Waislamu, na wako Waislamu waliolisikia hivyo hivyo. Katika mji kama Tabora, ambako ndugu wa tumbo moja mmoja aweza kuitwa Yosefu na mwingine Ramadhani, fimbo ya namna hiyo huangukia ndani ya nyumba.

Kwa hiyo twaomba kila baba na mama wa jamaa ya Kikatoliki mwenye kadi ya chama afanye zoezi moja dogo kabla ya uchaguzi ujao. Achukue ilani ya chama chake, aisome yote, kisha mbele ya watoto wake wakubwa ataje jambo moja ambalo imani yake inamzuia kulikubali. Asipoona hata moja, aisome tena.