Kinyama Kikijibu "Hasi", Tuulize Kwanza

Mtu akikatwa kinyama kwenye titi, nyumbani wote husubiri jibu la swali moja tu: ni saratani au si saratani? Jibu likitoka, wengi hudhani maabara imemaliza kazi yake. Kumbe kipande kile kile cha nyama bado kina mengi ya kusema: uvimbe huu unalishwa na nini, unakua kwa kasi gani, na dawa ipi itaushika. Vitu vinavyotafutwa ndani ya tishu ili kujibu maswali hayo ndivyo vinaitwa viashiria vya kibayolojia.

Mimi nasomea ualimu wa baiolojia, si udaktari, kwa hiyo sitamfundisha mtu kutibu. Ila mada hii imejengwa juu ya vitu tunavyovijua tangu sekondari: seli, homoni, protini. Ukishaelewa mfano wa kufuli na ufunguo, nusu ya safari umeshaimaliza.

Tuanze na tofauti moja ambayo hata wanaosoma afya huichanganya. Viashiria ni vya aina mbili. Cha kwanza kinatabiri mwendo wa ugonjwa wenyewe, dawa iwepo isiwepo. Cha pili kinatabiri kama dawa fulani itafanya kazi kwa mgonjwa huyu. Chukua mfano wa hapa hapa chuoni. Ukipata 14 kati ya 40 kwenye mazoezi ya muhula, alama hiyo inatuambia sapu inanukia. Haituambii dawa yake. Labda hujasoma, labda huoni ubao. Kipimo cha macho ndicho kitasema kama miwani itakusaidia, maana miwani haimsaidii mwenye macho mazima ambaye hafungui daftari. Alama 14 ni kiashiria cha aina ya kwanza, kipimo cha macho ni cha aina ya pili. Ukubwa wa uvimbe na idadi ya tezi za kwapani zilizoshikwa ni kama ile 14: vinaeleza hatari. Sasa tutafute kipimo cha macho.

Mwaka 1896 daktari mmoja wa Glasgow, George Beatson, aliandika kwamba aliwatoa ovari wanawake waliokuwa na saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa, na uvimbe ukasinyaa. Ajabu ni kwamba kwa wengine haikusaidia kitu, na hakuna aliyejua kwa nini. Jibu lilichelewa zaidi ya miaka 60. Kule Chicago, Elwood Jensen alitumia estrojeni iliyotiwa alama ya mionzi ili aone inakwenda wapi mwilini, akakuta kuna seli zinaishika na kubaki nayo kwa sababu zina protini ya kuipokea. Hicho ndicho kipokezi cha estrojeni, kile kinachoandikwa ER kwenye fomu ya majibu. Estrojeni ni ufunguo, ER ni kufuli. Uvimbe wenye kufuli unalishwa na homoni, ukiunyima homoni unasinyaa. Usio na kufuli, hata ung'oe ovari zote, hauna habari. Mwenzake ER ni PR, kipokezi cha projesteroni, ambacho kwa kawaida hupimwa pamoja naye.

Hapo ndipo tamoksifeni inapoingia. Dawa hii ilianza safari yake Uingereza ikitafutwa kama ya kuzuia mimba, ikashindwa kazi hiyo. Kwenye titi inakaa ndani ya kufuli bila kufungua mlango. Uchambuzi mkubwa uliokusanya majaribio mengi, ukachapishwa 2011, ulionyesha kuwa kumeza tamoksifeni kwa miaka kama 5 hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja katika miaka 15, kwa wenye ER chanya. Kwa wenye ER hasi, faida ilikuwa karibu na sifuri. Ni kidonge kinachomezwa nyumbani, hakihitaji kulazwa, na kwa dawa za saratani ni cha bei nafuu. Kwa hiyo neno moja kwenye karatasi, chanya au hasi, linaamua kama mama atapewa kidonge hicho au hatapewa.

HER2 nayo ina hadithi yake. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walipima uvimbe wa wanawake 189, wakakuta kwamba wale ambao jeni ya HER2 ilikuwa imejizidisha, ugonjwa uliwarudia mapema na walikufa mapema. Wakati huo ilikuwa habari mbaya tupu. Kisha ikatengenezwa kingamwili ya kuishika protini hiyo, trastuzumabu, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kiashiria kile kile kilichokuwa kinatabiri mwisho mbaya kikawa pia kinaonyesha dawa ya kutumia. Ndiyo maana napenda kuitumia HER2 kufundishia ile tofauti ya aina mbili: imekaa pande zote.

Kuna pia Ki-67, protini inayoonekana kwenye seli zinazojigawa. Jina limetoka mji wa Kiel, Ujerumani, ilikovumbuliwa, na 67 ni namba ya kishimo kwenye sahani ya maabara. Tatizo lake ni kwamba wataalamu wawili wakihesabu kioo kimoja wanaweza kupata asilimia mbili tofauti, hasa kwa namba za katikati. Vipo na vipimo vya jeni nyingi kwa mkupuo, 21 au 70, ambavyo husaidia kuamua nani anaweza kukwepa dripu za kemo bila hasara. Ni vizuri, ila bei yake si ya mwenzetu wa kawaida, basi tuviache.

Turudi kwenye ER, kwa sababu hapa ndipo pana jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Hilo neno "hasi" linapatikanaje?

Kipande cha nyama kikikatwa hutumbukizwa kwenye fomalini, kisha hugandishwa ndani ya nta kikawa kibonge. Kibonge hukatwa vipande vyembamba mno, kipande kikawekwa juu ya kioo na kumwagiwa kingamwili inayoshika ER peke yake. Penye ER, kiini cha seli huwa na rangi ya kahawia. Mtaalamu wa patholojia huangalia kwa hadubini na kukadiria: katika kila seli 100 za saratani, ngapi zina kahawia? Kwa mwongozo unaofuatwa sehemu nyingi tangu 2010, hata 1 inatosha kuitwa chanya, ingawa siku hizi kati ya 1 na 10 huandikwa kuwa chanya kidogo.

Sasa ER ni protini, na protini huharibika. Nyama iliyotoka mwilini inatakiwa iingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, ikae humo kati ya saa 6 na 72. Fomalini iwe ya kutosha, na titi lililotolewa zima lichanjwe kwanza, maana dawa hupenya polepole. Ukilitumbukiza hivyo hivyo, nje panahifadhika huku katikati panaoza. Fikiria kinyama kimekatwa Ijumaa jioni, maabara iko mkoa mwingine, na aliyekipokea amekitia maji ya chumvi kwa kuwa fomalini imeisha. Kikifika, saratani bado inaonekana vizuri tu, kwa hiyo hakuna atakayeshtuka. Lakini ER imeshakufa. Kioo hakitatoa kahawia, na fomu itaandikwa "hasi".

Hili si la kubuni. Mapitio ya tafiti za Afrika yaliyotoka 2014 katika jarida la PLoS Medicine yalilinganisha vibonge vya zamani vilivyotolewa stoo na sampuli zilizokusanywa kwa utaratibu tangu mwanzo. Vibonge vya stoo vilitoa ER chanya pungufu kwa kama asilimia 10. Kusini mwa Sahara, kwenye sampuli zilizoandaliwa vizuri, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa ER chanya. Ile kauli kwamba saratani ya Mwafrika "haisikii homoni" sehemu yake ilitokana na chupa. Sisemi yote. Hasi tatu, yaani ER, PR na HER2 zote hasi, ipo kweli, na Marekani huonekana kwa wanawake weusi karibu mara mbili ya weupe, tena kwenye maabara ambazo hazikosi fomalini. Lakini kuna hasi ya ugonjwa na kuna hasi ya uzembe, na mgonjwa hawezi kuzitofautisha kwa kusoma karatasi.

Maabara inaweza. Mara nyingi kando ya uvimbe hubaki vijifereji vya kawaida vya titi, na baadhi ya seli zake zina ER kwa asili yake. Vikiwa na kahawia na uvimbe hauna, hasi hiyo ina uzito. Vikikosa kahawia navyo, kipimo kimekwama, na jibu sahihi ni "kirudiwe", si "hasi". Waalimu wa sayansi tunalijua hili kwa jina la jaribio la ulinganisho, lile ambalo wanafunzi huliruka kwenye praktiko wakidhani ni la kujaza ukurasa.

Kwa hiyo shangazi akirudi na fomu, maswali ya kumpelekea daktari kwa adabu ni haya: ER, PR na HER2 zimepimwa zote? ER ni asilimia ngapi? Kama ni sifuri, vijifereji vya kawaida vilishika rangi? HER2 ikiandikwa 2+, kipimo cha jeni kimefanyika, maana 2+ bado si ndiyo wala hapana? Na kibonge kiko wapi? Kibonge cha nta hakitupwi baada ya majibu. Huhifadhiwa kwa miaka, na daktari anaweza kuomba kipelekwe maabara nyingine kipimwe upya. Kama nyama iliharibikia njiani, kibonge hakitasaidia, itabidi kukata kinyama kingine. Inauma, ila ni sindano ya siku moja, na kidonge kinachogombewa hapa ni cha miaka 5.