Kunazi Zipi Zipandwe Penye Ukame?

Kamati za parokia zinazopanga kupanda mikunazi, tunawashauri mpime kwanza tunda. Huko Rajasthan, India, na baadaye Niger, hupandwa Gola, Seb na Umran. Gola huwahi kuiva. Ni ya mviringo na ina maji mengi, ila haikai sana ikishachumwa. Seb hufuata. Umran huchelewa, ni kubwa na huvumilia safari; ichumwe ikiwa ya manjano, kabla haijawa kahawia. Penye soko la mbali sisi tungechagua hiyo.

Kunazi ya porini ni ndogo, karibu yote kokwa. Hata hivyo msiing'oe! Mizizi yake huenda chini sana, na juu ya shina lake ndipo hubebeshwa kikonyo cha aina bora. Mbegu ya tunda kubwa si lazima izae kubwa, kwa hiyo msaada wa wafadhili uende kwenye kubebesha miche.