Kabla Hujapaka Rangi, Kaa Kwanza

Katika filamu ya RoboCop ya mwaka 1987, mwigizaji Peter Weller alivalishwa suti nene ya polisi-mashine iliyobuniwa na Rob Bottin. Suti ilikuwa kubwa mno kuenea ndani ya gari la polisi. Ndiyo maana ukiitazama filamu kwa makini utamwona mara nyingi anashuka garini au ndiyo kwanza anataka kupanda, na pale anapoonekana yuko kwenye usukani amevaa nusu ya juu tu. Hollywood walikuwa na kamera ya kufichia miguu. Wewe uliyejitengenezea deraya sebuleni na sasa unataka kwenda nayo NAICCON, lile tamasha la katuni la Nairobi, huna.

Nadhani suti yako tayari ipo. Kwenye kioo inapendeza, ila ukiivaa nusu saa unaanza kutafuta pa kuivulia. Nitachukua mfano wa deraya ya Master Chief wa mchezo wa Halo, uliotoka mwaka 2001, kwa kuwa ndiyo wengi wanaoanza fani hii huikimbilia, na kwa kawaida huitengeneza kwa sponji ngumu ya EVA, ile ya mikeka ya watoto inayoshikanishwa kama fumbo. Mengi ya hapa yanafaa pia kwa Iron Man, kwa Mandalorian na kwa askari weupe wa Star Wars.

Kosa la suti nyingi haliko mikononi mwa mtengenezaji, liko kwenye mchoro. Deraya ya Halo ilichorewa mwili unaoishi ndani ya kompyuta. Mwili huo hautoki jasho, hauendi msalani, haukai kwenye kiti cha plastiki, na mapaja yake hayasuguani. Anayefuata vipimo vyake kwa uaminifu anajijengea jela. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia kwa namna mbalimbali: kata. Sentimita 3 zilizopungua nyuma ya goti hakuna atakayeziona pichani, lakini ukitembea kama mtu aliyetoka kufungwa plasta, ukumbi mzima utaona.

Anza kabla ya rangi. Vaa suti yote pamoja na viatu vyake, kisha kaa kwenye kiti. Simama, chuchumaa, inama kama unayefunga kamba za viatu, panda ngazi, nyoosha mikono juu, jikumbatie. Mwenzako awe pembeni na maka peni, aweke alama kila mahali bamba linapogongana na bamba jingine au linapokuchoma. Usimwachie kioo kazi hiyo, maana kioo hukuonyesha umesimama tu.

Bamba la kifua ndilo litakalokusumbua kwanza. Mtu akikaa, umbali kati ya shingo na mapaja hupungua sana upande wa mbele. Bamba likiwa refu, mapaja hulisukuma juu na ukingo wake hukukaba koo. Likate liishie kwenye mbavu za mwisho, juu ya kitovu. Sehemu ya tumbo itengeneze kipande cha peke yake, uiunganishe na kifua kwa lastiki pana, pengine sentimita 4, iliyofichwa upande wa ndani, ili ukikaa kipande cha tumbo kiteleze na kuingia chini ya kifua. Ukisimama, lastiki inakirudisha mahali pake. Kwapani nako kata kwa mkunjo wa kuingia ndani, mbele na nyuma, mpaka uweze kuleta viganja vyote viwili mbele ya pua bila mabamba kusigana. Usipofika hapo huwezi kula, huwezi kupiga simu, wala huwezi kujivua helmeti.

Mapaja yana hila yake. Paja la mtu aliyekaa ni nene kuliko la mtu aliyesimama, hivyo pima mzunguko wake ukiwa umekaa, ukiwa na nguo ya ndani utakayoivalia. Ukingo wa juu usiwe sawa pande zote: upande wa nje uache juu kwa ajili ya sura, upande wa ndani na wa nyuma uteremshe, ili unapokaa uzito uwe juu ya makalio yako na si juu ya kingo mbili za sponji. Nyuma ya goti kata nusu duara kwenye bamba la paja na nyingine kwenye bamba la muundi. Kiwiko hivyo hivyo, upande wa ndani.

Sasa utakuwa na mapengo, na hapo ndipo wengi huingiwa na huruma na kuacha kukata. Mapengo hayana shida kama yanaonyesha kitambaa cheusi kisichong'aa. Jicho huyapita moja kwa moja. Yakionyesha ngozi, au fulana ya timu, picha imeharibika. Kingo zilizokatwa zipige msasa laini kisha zipitishie joto la hita ili ziwe laini, kwa sababu ukingo mbichi wa sponji unakwangua shingo vibaya.

Baada ya kukata, tazama uzito unaning'inia wapi. Usiache mabamba ya mapaja yajishikilie kwa kubana mguu: yatateleza, utayakaza, na damu itapita kwa shida. Tafuta mkanda mpana wa kiunoni, uvae chini ya deraya, kisha ning'iniza kila paja kwa utepe wa mabegi wenye klipu. Nyonga hubeba mzigo bila kulalamika, kama wapanda mlima wanavyojua. Mabamba ya mabegani nayo yaning'inie kwenye mikanda inayokatiza mgongoni na si kwenye mikono. Mahali penye uzito weka klipu za plastiki za mabegi. Velkro iache kwa sehemu za kurekebisha tu, na usiiamini ile inayokuja na gundi yake, kwani jasho huing'oa. Mpe fundi cherehani aishone kwenye utepe, halafu utepe huo uubandike kwenye sponji kwa gundi ya fundi viatu. Kwanza kwaruza sponji kwa msasa, paka gundi pande zote mbili, subiri mpaka ukiigusa isishike kidole, ndipo ubandike. Kazi hiyo ifanyie nje au madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko, kwa kuwa mvuke wa gundi ile hulevya na hushika moto haraka.

Joto linastahili muda kuliko yote. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na EVA haipitishi hewa wala jasho. Umevaa nguo ya mvua yenye umbo zuri. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unaweza kuvumilia. Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa yenyewe imejaa unyevu, jasho halikauki hata ukiwa na fulana tu, sembuse deraya.

Nguo ya ndani isiwe pamba. Pamba hunyonya jasho, inakuwa nzito na kusugua ngozi. Nenda mitumbani, Gikomba au Karume, utafute zile nguo za kubana za wachezaji mpira, nyeusi, mikono mirefu, juu na chini zikiwa vipande viwili. Ovaroli ya kipande kimoja ina sura nzuri, ila siku utakapobanwa na haja ndogo utajuta. Mapajani na kwapani jipake mafuta ya mgando kabla ya kuvaa.

Kisha ipe suti njia ya hewa. Ndani ya kifua na mgongo bandika vipande vya sponji laini, kama vidole vya unene wa sentimita 1 au 2, vilivyosimama wima na kuachiana nafasi, ili bamba lisilalie mwili na hewa ya moto ipande mpaka itokee shingoni. Mgongoni toboa matundu ndani ya mistari ya mapambo, au kata kidirisha uzibe kwa neti nyeusi ya jezi. Mgongo hupigwa picha kwa nadra, kwa hiyo hapo toboa kwa ukarimu.

Feni husaidia, hasa kwenye helmeti. Feni ndogo za kompyuta za milimita 40, zinazotumia volti 5, zinaendeshwa na pawabenki ya kawaida. Weka moja ikivuta hewa ya nje na kuielekeza kwenye kioo cha uso, nyingine ikitoa hewa nyuma ya kisogo. Ya mbele hukausha ukungu wa pumzi. Pawabenki yenyewe usiiweke ndani ya helmeti, iweke kiunoni mahali unapoweza kuichomoa kwa sekunde moja, kwa maana betri nayo hupata joto na hupenda hewa. Ukungu ukizidi, paka kioo tone la shampuu ya mtoto, lipanguse kwa kitambaa kikavu bila kuosha.

Hata hivyo hakuna feni inayoshinda saa. Vaa helmeti kwa dakika 30 hivi, ivue, kaa kivulini, kunywa maji, ndipo urudi. Kunywa kabla ya kuvaa, si baada ya kusikia kiu tu. Wapo wanaojinyima maji ili wasiende chooni, na hao ndio huanguka. Kichwa kikigonga, ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, suti ivuliwe papo hapo, upumzike penye hewa na unywe maji yenye chumvi na sukari ya hospitali, ORS. Mtu akianza kuchanganyikiwa, akasema yasiyoeleweka au akazimia, hiyo ni dharura: mvueni, mmwagieni maji, mpepeeni, na mumkimbize hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Kwa sababu hiyo hiyo, helmeti lazima uweze kuivua mwenyewe, ukiwa na glavu, kwa mkono mmoja. Jaribu nyumbani. Ikishindikana, badili kifungo chake mpaka iwezekane. Ndani yake, badala ya kujaza sponji inayofunika kichwa chote, ondoa ule utando wa mikanda ulio ndani ya kofia ngumu ya mafundi ujenzi uufunge humo. Hushika kichwa sawasawa, hurekebishika, na huacha nafasi ya hewa juu ya utosi.

Kuona ni shida ya peke yake. Katika filamu ya kwanza ya Star Wars, ya mwaka 1977, kuna askari mmoja mweupe anayeingia chumbani na kujigonga kichwa mlangoni, na tukio hilo likabaki kwenye filamu. Kioo cheusi cha helmeti ya boda boda kinafaa sana kwa Master Chief, lakini ukiingia ukumbi wenye taa hafifu utakuwa kipofu. Chagua chenye giza la wastani, kisha upake rangi nyeusi ndani ya helmeti yote ili mwanga usikusaliti. Chini hutaona kitu. Miguu yako, ngazi, waya za spika, na watoto wa miaka mitatu wanaokuja kukukumbatia goti, vyote viko nje ya macho yako.

Kwa hiyo usitembee peke yako. Kundi la 501st Legion, lililoanzishwa Marekani mwaka 1997 na mashabiki wa askari hao weupe, huenda kwenye shughuli zao na wasindikizaji wasiovaa deraya, na hilo waige. Mtafute binamu au rafiki, mnunulie chakula cha mchana, na umpe kazi: atangulie kwenye ngazi, ashike chupa ya maji na simu, awazuie watu wasikuvute mkono kwa picha. Mpe pia kimfuko chenye gundi, pini, utepe mpana wa kubandikia, plasta za vidonda na klipu za akiba. Kama ungependa kulipa kwa simu mwenyewe, fungua mpasuo mdogo kwenye glavu, chini ya kidole gumba, ujitoe kidole unapotaka.

Viatu: chukua buti zinazokutosha tayari na ujenge sponji juu yake. Soli iwe ya raba iliyo wazi, isifunikwe na sponji, kwani sponji kwenye vigae inateleza.

Safarini suti iwe kwenye begi. Mabamba huingiliana, muundi ndani ya paja, mkono ndani ya muundi, na sanduku moja kubwa la nguo laweza kubeba karibu yote. Usivae helmeti ya sponji kwenye boda boda kwa kudhani itakulinda. Haitakulinda. Na ukichagua rangi, achana na mabaka ya kijeshi: Kenya, Uganda na Tanzania zote zinamkataza raia kuvaa sare za jeshi au zinazofanana nazo, na askari wa zamu hatajua habari za Halo. Bunduki ya kuchezea ifungie kwenye begi mpaka uwe ndani ya ukumbi, na mdomo wake uwe na rangi ya machungwa.

Ukirudi nyumbani, nguo za ndani zifue siku hiyo hiyo. Mabamba yapanguse ndani kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha yaanike kivulini penye upepo. Juani gundi hulegea na maungio hufunguka, na ndani ya gari lililofungwa mchana ni vibaya zaidi: kama una sehemu zilizochapwa kwa printa ya 3D, za plastiki ya PLA, hizo huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na helmeti iliyopinda haikunjuki ikarudi ilivyokuwa.