Nambari za Vikundi katika Mafaili ya Mtandao

Katika kompyuta zenye mfumo wa Unix, kila faili huwa na mwenyewe na kikundi chake. Atoaye amri ya ls -l huonyeshwa majina, lakini majina hayo hayakuhifadhiwa pamoja na faili. Kilichohifadhiwa ni nambari. Kompyuta huitafuta nambari hiyo katika orodha yake, ambayo kwa kawaida ni /etc/group, ndipo iandike jina.

Matata huanza faili linapokaa katika kompyuta moja na kusomwa kutoka nyingine. Mfumo wa NFS, uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems katika mwaka 1984, ulipitisha nambari, na kila kompyuta ikazifasiri kwa orodha yake. Mathalani, kikundi nambari 20 katika macOS huitwa staff, yaani watumiaji wa kawaida. Katika Debian ni dialout, kikundi cha wanaoruhusiwa kutumia modemu. Faili ni lile lile. Aliyebadilika ni mfasiri.

Wala tofauti hiyo si ya jina tu. Chukua shule ambayo walimu wamepewa nambari 1001 katika kompyuta ihifadhiyo alama za mitihani, na fundi mwingine akawapa wanafunzi nambari iyo hiyo katika kompyuta za darasani. Kwa mpango wa kawaida wa NFS, kompyuta ya hifadhi husadiki nambari inayotajwa na kompyuta inayoomba. Mwanafunzi atafunguliwa faili la walimu bila kuvunja kufuli lolote.

Toleo la nne, lililoelezwa kwanza mwaka 2000, lilikusudiwa kupeleka majina, kwa umbo la kikundi@eneo. Ila pande mbili zikitofautiana juu ya eneo, jina halitambuliki, na mtumiaji huona nogroup, au nambari ya kustaajabisha: 4294967294. Nambari hii haikuzuka hivi hivi. Zamani mtumiaji asiyejulikana alipewa nambari -2. Kompyuta isiyotumia alama ya kutoa huhesabu kinyume kama mita ya gari, ambayo ikirudishwa hatua mbili kutoka 000000 husoma 999998. Kwa tarakimu 32 za msingi wa mbili, 2 kipeo cha 32, toa 2, ni 4294967294. Kwa tarakimu 16 ni 65534, ambayo nayo huonekana mara nyingi.

Mchunguzi na atoe amri ya ls -ln, ionyeshayo nambari tupu, katika kompyuta zote mbili. Nambari zikilingana huku majina yakitofautiana, orodha za vikundi ndizo za kusahihishwa. Upande mmoja ukionyesha 4294967294 au 65534, alitazame kwanza jina la eneo katika /etc/idmapd.conf.