Somo la Kompyuta: Kuhamisha Folda Zetu Kutoka Diski C



Katika kompyuta nyingi za majumbani mna vitu visivyouzwa dukani: picha za harusi, sauti za watoto wakisoma Qur'ani, kazi za shule, vyeti vilivyopigwa skani. Siku moja Windows inagoma kuwaka, kompyuta inapelekwa kwa fundi, naye anapiga Windows upya. Inarudi ikiwa nyepesi, lakini picha hazimo. Fundi hakuiba kitu. Alifuta diski C ili aweke Windows mpya, na vitu vyote vilikuwa humo humo.

Jambo hili linafaa tulijue zaidi wakati huu, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi wanapeleka kompyuta zao kuwekewa Windows 11. Basi katika somo hili tutajifunza namna ya kuzihamisha folda zetu kutoka diski C kwenda diski D, na pia tutaona mpaka wa faida yake.

Vitu vyetu vinakaa wapi?

Windows humpa kila mwenye akaunti folda zake: "Documents" ya maandishi, "Pictures" ya picha, "Music" ya sauti, "Videos" ya video, "Downloads" ya vitu vilivyoshushwa kutoka intaneti, na "Desktop", yaani vile tunavyoviona kwenye uso wa kompyuta baada ya kuwaka. Zote zimo diski C, ndani ya folda iitwayo "Users", chini ya jina la akaunti. Na Windows yenyewe imo diski C hiyo hiyo. Ni sawa na mtu anayeweka sanduku la nguo katika chumba kinachotarajiwa kubomolewa.

Ipo faida nyingine. Diski C ikijaa, Windows huwa nzito na hushindwa kupokea masahihisho yake. Picha na video ndizo mara nyingi zinazoijaza.

Kabla ya kuanza

Kwanza, tutazame kama diski D ipo. Kompyuta nyingi za mkononi zina C peke yake. Ikiwa ni hivyo, fundi anaweza kuigawa diski au kuongeza ya pili. Kabla hajaigusa, tutoe nakala ya vitu vyetu.

Pili, tuhakikishe D ina nafasi ya kutosha. Tubofye folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha tuchague "Properties". Ukubwa wake utaonekana hapo.

Tatu, tutoe nakala ya folda zote kwenye diski ya nje. Umeme ukikatika katikati ya kazi, tutakuwa na pa kurudia.

Nne, tutazame OneDrive. Ikiwa inazihifadhi "Documents", "Pictures" na "Desktop" kwenye intaneti, Windows haitakubali tuzihamishe. Tufungue mipangilio ya OneDrive, tusimamishe kwanza uhifadhi wa folda hizo, kisha tuhakikishe mafaili yetu bado yamo ndani ya kompyuta.

Hatua za kuhamisha

1. Tufungue diski D, tuunde folda yenye jina la mwenye akaunti, kwa mfano "Mama". Ndani yake tuunde folda nyingine, tuite "Nyaraka".

2. Turudi kwenye "Documents", tuibofye kwa kitufe cha kulia, tuchague "Properties", kisha tubofye palipoandikwa "Location". Hapo pataonekana njia ya folda, inayoanza na C.

3. Tubofye "Move", tuitafute ile folda ya "Nyaraka" tuliyoiunda, tuichague.

4. Tubofye "Apply". Windows itauliza kama tunataka mafaili yote yahamie mahali papya. Tujibu "Yes". Tukijibu "No", mafaili ya zamani yatabaki C na mapya yataingia D, nasi tutadhani yamepotea.

5. Tusubiri mpaka kazi iishe. Kisha tufungue mafaili mawili matatu tuone kama yanafunguka.

Tufanye hivyo kwa kila folda, moja baada ya moja. Baada ya hapo programu zitaendelea kuhifadhi vitu katika "Documents" kama kawaida, kwa kuwa Windows yenyewe ndiyo inayozielekeza mahali papya.

Mambo ya kuepuka

Tusielekeze folda kwenye D yenyewe bila kuunda folda ndani yake. Tukifanya hivyo, Windows itaichukulia D yote kuwa ndiyo "Documents", na kuirudisha kama ilivyokuwa kunasumbua.

Tusielekeze folda mbili mahali pamoja. Picha na maandishi vitachanganyika, na kuvitenganisha ni kazi.

Tusielekeze kwenye flashi. Ikichomolewa, Windows haitaiona folda. Flashi hupotea pia kwa urahisi.

Tusihamishe folda yote ya "Users", wala ile iliyofichwa iitwayo "AppData", wala folda za programu. Hizo zinategemewa na Windows na programu zenyewe, na zikiondolewa kiholela mambo huharibika.

Tena, nyumba yenye watumiaji wengi izingatie hili: folda mpya iliyoundwa kwenye D kwa kawaida inaweza kufunguliwa, na hata kufutwa, na kila mwenye akaunti katika kompyuta hiyo. Kwa hiyo barua za siri za wazazi zisiwekwe hapo bila kuzuia ruhusa hizo.

Kuhamisha hakulindi kila kitu

Hapa ndipo wengi wanapojisahau. Mara nyingi C na D ni vyumba viwili vya diski moja. Diski hiyo ikifa, au kompyuta ikiibiwa, vyote viwili vimekwenda. Tukitaka kujua, tubofye kitufe cha kuanzia cha Windows kwa upande wa kulia wa kipanya, tuchague "Disk Management". Tukiona C na D zote ziko kwenye mstari wa "Disk 0", basi ni diski moja.

Kwa hiyo kuhamisha kunatukinga na Windows kupigwa upya na C kujaa. Kwa diski kufa au kuibiwa, kinga ni nakala ya pili kwenye diski ya nje, inayowekwa mbali na kompyuta.

Tukienda kwa fundi, tumwambie waziwazi: "Futa C tu, D usiiguse." Fundi asiyeambiwa anaweza kufuta diski nzima. Windows mpya ikishawekwa, haitajua folda zetu ziko wapi. Tutarudia zile hatua tano, tukichagua zile zile folda zilizoko D. Windows ikisema haina ruhusa ya kuzifungua, vitu havijapotea: mwenye akaunti kuu atajipa ruhusa hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini fundi akipiga Windows upya picha zetu huweza kupotea?
2. Tutajibu nini Windows ikituuliza kama mafaili yote yahamishwe, na kwa nini?
3. Diski C na D za nyumbani kwenu ni diski moja au mbili? Tazameni pamoja na mzazi.
4. Nakala ya pili ya picha za familia yenu iko wapi leo?

Asiye na jibu la swali la nne, aanzie hapo kabla hajahamisha hata folda moja. Wabillahi tawfiq.