MAVAZI YETU NA HESHIMA YA WENZETU

  

Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu watukufu, somo letu linahusu jambo tunalolifanya kila siku, nalo ni kuvaa.

Nguo humtambulisha mtu kabla hajasema. Mtoto akipita na kanzu na kofia ya viua, au na hijabu na juzuu mkononi, watu wanajua anakwenda chuoni. Asubuhi huyo huyo alikuwa na sare ya skuli. Katika Suratul A'raaf, aya ya 26, Allah (s.w.) ametutajia neema ya nguo, kuwa inatusitiri na ni pambo, kisha akatufahamisha kuwa vazi la uchamungu ndilo bora.

Lakini nguo hiyo hiyo inaweza kuwa ukuta baina yetu. Ikikaribia Iddi tunaulizana: umeshonewa nguo ngapi? Umenunuliwa viatu gani? Yuko mwenzetu asiyekuwa na jibu. Yuko anayevaa kanzu ya kaka yake iliyokunjwa pindo, au baibui lililochujuka. Akichekwa mara mbili tatu huanza kukaa nyuma, kisha huacha kuja, na watu wakadhani ni mvivu. Kumbe kicheko chetu ndicho kilichomkatisha Qur'ani.

Je, kupenda nguo nzuri ni kibri? Swali hili aliulizwa Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Imam Muslim. Akafahamisha kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi kosa haliko katika kanzu mpya, bali katika jicho linalomdharau mwenye kanzu kuukuu.

Tumtazame Mus'ab bin Umair (r.a.). Alikuwa kijana wa Makka aliyelelewa katika neema na mavazi mazuri. Aliposilimu aliyaacha yote. Alipouliwa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alikuwa na nguo moja tu ya kumkafini. Wakimfunika kichwa, miguu hutokeza. Wakimfunika miguu, kichwa hutokeza. Mtume (s.a.w.) akaamrisha afunikwe kichwa, na miguuni yawekwe majani ya idhkhir. Nani leo atampima Mus'ab kwa nguo yake?

Na walipofika Madina watu wa kabila la Mudhar, hawana viatu na nguo zao ni duni, uso wa Mtume (s.a.w.) ulibadilika kwa huruma. Baada ya sala aliwahimiza masahaba watoe sadaka, hata nusu ya tende. Wakatoa mpaka zikawa chungu mbili, za chakula na za nguo, na uso wake ukang'ara kwa furaha. Hayo ndiyo mafunzo: ukimwona mwenzio hana, usicheke, toa.

Kwa hiyo tuzingatie haya:

1. Tuvae nguo safi na ya stara, hata ikiwa ya zamani. Maji na sabuni vinatosha.
2. Tusimtanie mtu kwa nguo yake, wala tusimdharau jirani au mwanafunzi wa skuli asiyevaa kama sisi. Adabu yetu ndiyo itakayomjulisha dini yetu.
3. Tukivua kanzu au hijabu, tusiivue tabia njema pamoja nayo.
4. Wazazi, nguo iliyombana mtoto ifuliwe, ipigwe pasi na itolewe kwa siri kabla ya Iddi, ili anayepewa asijulikane.

Maswali ya kujipima:
(a) Kibri ni nini?
(b) Mus'ab (r.a.) alifunikwa miguu kwa kitu gani?
(c) Ni mwenzako yupi hajaonekana chuoni siku hizi, na umemwendea?

Allah atuvike vazi la uchamungu. Amin. Wabillahi tawfiq.