Ukikataa kidonge, usikatae tiba

*Shangazi, nina miaka 23, sijaolewa, naishi Kibokoni. Hedhi yangu huja mara tatu au nne kwa mwaka, na ndevu zimeanza kuniota kidevuni. Nilipigwa ultrasaundi nikaambiwa nina PCOS, yaani ovari zenye vifuko vingi, nikaandikiwa vidonge vya kupanga uzazi. Mama amevikataa: asema vitaniziba kizazi, tena mtu akiviona nyumbani itakuwa maneno. Jirani aniletea uwatu na habasoda. Je, hakuna dawa nyingine? – Mwenye Haya, Mji wa Kale, Mombasa.*

Mwanangu, dawa nyingine zipo, ila kila moja ina kazi yake, nawe huwezi kuchagua kabla ya kujua unaitaka ikufanyie nini. Vile vilivyoonekana kwenye ultrasaundi si uvimbe wa kukatwa. Ni vifuko vya mayai yaliyoanza kukua yakakwama njiani. Mara nyingi chanzo kimojawapo ni insulini: mwili usipoiitikia vizuri, kongosho huimwaga kwa wingi, na wingi huo huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Ndipo ndevu hutoka na yai likakosa kupevuka. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana hali hii, kwa hiyo si aibu yako peke yako. Kidonge ulichoandikiwa hupanga hedhi na kupunguza homoni hizo kwa muda unaokimeza, hakiling'oi tatizo.

Mama ana haki ya kuogopa, lakini hofu yake imekaa pasipo pake. Kidonge hakizibi kizazi. Ukikiacha, mwili hurudi ulivyokuwa. La kuogopwa zaidi ni kukaa miezi bila damu, kwa kuwa utando wa ndani ya mfuko wa uzazi huendelea kunenepa bila kumwagika, na ukiachwa hivyo kwa miaka waweza kuzaa saratani. Kwa msichana wa umri wako hatari hiyo ni ndogo, lakini yazuilika, basi kwa nini isizuiliwe? Siku 90 zikipita bila hedhi, daktari aweza kukupa projestojeni ya siku 10 hadi 14, damu ikashuka, ukapumzika hadi itakapohitajika tena. Ikimezwa hivyo haizuii mimba, na mama aweza kuelezwa hayo bila kufichwa neno.

Kwa upande wa insulini kuna metfomini, dawa ileile ya wenye kisukari. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 waitaja hasa kwa kurekebisha sukari na uzito, na huweza kusaidia hedhi pia. Huchafua tumbo mwanzoni, ndiyo sababu huanzwa kidogo kidogo pamoja na chakula. Ramadhani ikikaribia, muulize daktari namna ya kuigawa kati ya futari na daku. Mwongozo huohuo hauteui chakula kimoja kuwa bora kuliko vingine, kwa hiyo hakuna aliyekukataza mahamri na mbaazi. Punguza sukari ya chai na ukubwa wa sahani. Utembee upesi nusu saa, siku tano kwa wiki, toka Ngomeni kuelekea bustani ya Mama Ngina. Utasema, ‘Mimi mwembamba, yanihusu nini?’ Yakuhusu, maana wembamba nao hupata PCOS, na mazoezi huusaidia mwili kuitumia insulini hata kilo zisiposhuka. Kwa ndevu kuna spironolaktoni, lakini hiyo huchukua miezi kadhaa na yaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo haitumiwi na mwenye kutafuta mimba. Kuzinyoa au kuziondoa kwa leza si dhambi ya kitabibu.

Wapo watakaokwambia usubiri uolewe, mambo yatajipa. Ndoa si tiba, na miaka ya kungojea ndiyo ile utando unaponenepa. Siku utakayotaka mtoto, iko letrozoli, dawa ya kupevusha yai: katika utafiti wa Marekani wa 2014 uliohusisha wanawake 750, asilimia 27.5 ya walioitumia walijifungua mtoto hai, dhidi ya 19.1 ya waliotumia klomifeni. Uwatu na habasoda navyo havina ushahidi wa kutosha wa kubeba mzigo huu. Viache jikoni, na ukivitumia kama dawa mwambie daktari, kwani uwatu huweza kushusha sukari.

Basi rudi kliniki pamoja na mama. Ombeni upimwe mimba (huulizwa kila mtu, usione vibaya), tezi la shingo, prolaktini, sukari na presha, maana yako maradhi mengine yanayofanana na haya. Ukiona huzuni imekuandama, itaje pia. Ni sehemu ya ugonjwa. Kisha sema wazi: ‘Kidonge hiki sikitaki, nataka hedhi ishuke angalau kila miezi mitatu, na ndevu zipungue.’ Daktari aliyeambiwa kazi hutafuta chombo cha kuifanyia.